Kuharibika na Kuharibiwa: Pasipoti katika Historia ya Jinja na Mbale

Chukua mfano huu. Unaishi Mbale, umepata nafasi ya masomo ng'ambo, na safari imebakiza majuma machache. Unafungua sanduku la bati ulimoihifadhi pasipoti yako na kukuta kwamba mvua imepenya paa. Jalada limevimba, kurasa zimegandana, na wino wa mhuri uliogongewa mpakani Malaba umesambaa kama chai iliyomwagika kitambaani. Utakapofika mbele ya afisa wa uhamiaji utaulizwa swali ambalo Kiswahili hulibeba ndani ya viambishi viwili vidogo: je, hati hii imeharibika, au imeharibiwa?

Umekwisha kufundishwa darasani tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Karatasi iliyochanika haina mshtakiwa; yumkini ilizeeka, ililowa, au ilikunjwa mara nyingi mno. Karatasi iliyochanwa ina mtu nyuma yake, hata kama sentensi haimtaji. Wanafunzi wengi huiona tofauti hii kuwa jambo la mtihani tu. Katika mashariki ya Uganda imekuwa, kwa maelfu ya watu, tofauti baina ya kuwa na nchi na kutokuwa nayo. Ndiyo sababu nimeichagua iwe mlango wa kuingilia historia ya kitabu hiki kidogo, ambacho wengine hukiita pasipoti, wengine hati ya kusafiria, na wazee wengine huita pasi tu, jina linalokigawana na chuma cha kunyooshea nguo.

Kitabu chenyewe si cha kale sana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wasafiri wengi duniani walivuka mipaka bila hati yoyote ya namna hii. Vita vilipokwisha, serikali hazikuwa tayari kuachia tena milango. Mwaka 1920 mkutano ulioitishwa Paris chini ya Shirikisho la Mataifa ulipendekeza mfano mmoja wa pasipoti: kitabu cha kurasa 32, chenye picha na maelezo ya mwenyewe. Miaka 2 baadaye ikaja hati iliyopewa jina la Nansen, kwa ajili ya wakimbizi wa Urusi ambao nchi yao iliwakana. Basi tangu mwanzo pasipoti ilikuwa na pacha wake, yaani hati ya mtu asiye na pasipoti. Kumbuka pacha huyo, maana tutakutana naye tena Kampala.

Mipaka ya upande wetu nayo ilikuwa bado laini. Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda ulifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ulikatwa na kuunganishwa na himaya jirani, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Mtu wa Kisumu alilala Uganda akaamka kwingine bila kutoka kitandani. Mwaka 1926 mpaka ukasogezwa tena, safari hii kaskazini, kando ya Ziwa Turkana. Watunga katiba wa Uganda waliichagua tarehe 1 Februari 1926 kuwa kipimo: Katiba ya 1995 inazihesabu kuwa jamii za asili zile zilizokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda siku hiyo, na inaziorodhesha katika jedwali lake. Mgisu wa Mbale na Msoga wa Jinja wamo katika jedwali hilo. Ukitaka kuelewa kwa nini afisa hukuuliza kabila na kijiji cha babu yako wakati wewe umekuja tu kuomba kitabu kipya, jibu limelala hapo.

Sasa tuitazame miji yenyewe. Mbale ilikua mwanzoni mwa karne ya 20 kuizunguka kambi ya Semei Kakungulu, chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, na mapema sana wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi walifungua maduka hapo. Jinja ilikaa mahali Nile inapotoka ziwani. Reli iliyotoka pwani ilivuka Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920. Tawi moja likaenda Mbale na Soroti, na njia kuu ikaelekea Jinja hadi kufika Kampala mwaka 1931. Pamba ya Busoga na kahawa ya Bugisu zikapata njia ya kwenda Mombasa. Muljibhai Madhvani alijenga kiwanda cha sukari Kakira, nje kidogo ya Jinja. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, na umeme wake ukauvutia mji huo viwanda vya nguo na vinginevyo. Hata leo, ukitembea barabara kuu ya Jinja ukainua macho juu ya mabango ya simu na dawa, utaona majina ya familia za Kihindi na miaka ya ujenzi vimechorwa kwa saruji kwenye paji la maduka. Saruji haikuombwa kuthibitisha uraia wake.

Wakazi hao walikuwa na hati za namna gani? Hapa pana utata, na sitaki kuurahisisha kupita kiasi, kwa sababu mateso yaliyofuata yalitoka humo. Uganda ilikuwa himaya, si koloni kamili. Mwafrika aliyezaliwa humo alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya hifadhi ya Uingereza. Katika familia moja ya Kihindi, baba aliyezaliwa Gujarat aliweza kuwa na hadhi moja kisheria, mkewe aliyezaliwa Zanzibar hadhi ya pili, na mtoto aliyezaliwa Mbale ya tatu. Siku za ukoloni haikuwasumbua sana, kwani Mwingereza alikuwa juu ya wote.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962, kila mmoja ilimbidi awe raia wa mahali fulani. Aliyezaliwa Uganda, na mmoja wa wazazi wake akiwa naye amezaliwa Uganda, akawa raia moja kwa moja. Aliyezaliwa Uganda kwa wazazi waliotoka nje alipewa miaka 2 ya kuomba kuandikishwa. Uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa. Kwa hiyo aliyeandikishwa alitakiwa kuukana uraia wake wa Uingereza, na kuthibitisha kwamba ameukana, ndani ya miezi 3. Iangalie vizuri idadi hiyo. Miezi 3 ilitegemea barua ya mwombaji, posta, karani wa ofisi moja, na karani wa ofisi nyingine. Wapo waliokamilisha kwa wakati, wapo waliochelewa kwa siku chache, na wapo waliopewa pasipoti ya Uganda na serikali yenyewe, wakaitumia kwa miaka, bila mtu kuwauliza juu ya karatasi ile ya kukana.

Wengine waliamua kubaki na pasipoti ya Uingereza, wakidhani wameshika ngao. Mwezi Machi 1968 Bunge la London lilipitisha kwa haraka, katika siku 3, sheria iliyosema kwamba mwenye pasipoti hiyo hana haki ya kuingia Uingereza ikiwa hakuzaliwa huko na hana mzazi wala babu au bibi aliyezaliwa au kupewa uraia huko. Lengo lilikuwa kuwazuia Wahindi waliokuwa wakiondoka Kenya, lakini wale wa Jinja na Mbale waliguswa vilevile. Tazama jambo la ajabu. Kitabu hakikulowa, hakikuchanika, wala hakikuchanwa. Jalada lilikuwa zima na nembo ya simba na farasi mwenye pembe iling'aa juu yake, lakini ndani hakikuwa na nchi. Watu walirushwa kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege, kila afisa akiwarudisha kwa mwenzake. Kesi ya Wahindi wa Kenya na Uganda ilifika mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo katika ripoti yake ya Desemba 1973 iliona kwamba kubaguliwa kwa misingi ya rangi kwa namna hiyo kulikuwa sawa na kudhalilishwa. Ripoti hiyo haikuwekwa hadharani hadi 1994.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alizungumza na askari katika kambi ya Tororo, mji ulio kati ya Mbale na mpaka wa Kenya. Alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke nchini, na alidai kuwa ameelekezwa na ndoto. Walipewa siku 90. Mwisho wake ukawa tarehe 8 Novemba. Baada ya siku chache agizo likapanuliwa kwa raia wa India, Pakistan na Bangladesh. Kisha ikasemwa kwamba hata Waasia walio raia wa Uganda wataondoka, na siku chache tena baadaye neno hilo likafutwa. Lakini waliojiona raia waliamriwa wapeleke hati zao kukaguliwa.

Ukaguzi huu, kwa maoni yangu, ndio kiini cha habari yote, ingawa vitabu vingi huupitia haraka ili vifike kwenye ndege na kambi za wakimbizi. Watu kutoka Jinja walisafiri kilomita 80, na wa Mbale zaidi ya 200, kupitia vizuizi vya askari, wakapange foleni ndefu Kampala. Walibeba vyeti vya kuzaliwa vyao na vya wazazi wao, vyeti vya kuandikishwa, na barua za kukana uraia wa Uingereza. Aliyekosa karatasi moja alihesabiwa si raia. Aliyechelewa zile siku chache katika miaka ya 1960 aliambiwa kwamba uraia wake ulikufa zamani bila yeye kujua. Na wapo wengi walioshuhudia pasipoti na vyeti vyao vikichukuliwa na kuchanwa mezani mbele ya macho yao.

Sasa zirudie kauli zetu mbili. Pasipoti iliyoharibika hukupeleka dirishani kuomba nyingine, kwa kuwa ushahidi wa uraia wako umebaki mahali pengine: katika daftari la serikali, katika cheti, katika kumbukumbu ya ofisi. Pasipoti iliyochanwa na ofisi ile ile iliyoitoa haina dirisha la kwenda. Mwenye daftari ndiye mchanaji. Hapo ndipo mtu aliyeingia ofisini akiwa raia alipotoka nje akiwa si wa nchi yoyote, maana Uingereza alikwisha kuikana, kwa barua, ili kuiridhisha Uganda.

Watu wa namna hii walikuwa elfu kadhaa. Umoja wa Mataifa na Shirika la Msalaba Mwekundu vikaingilia, na wakapewa hati za dharura za safari, hati za kwenda bila kurudi. Huyo ndiye pacha niliyekuambia umkumbuke. Wakapelekwa katika kambi za muda Austria, Italia, Malta na kwingineko, na mara nyingine familia ziligawanyika kufuatana na vitabu vyao: mume asiye na uraia huku, mke mwenye pasipoti ya Uingereza kule. Wenye pasipoti za Uingereza, takriban 28,000, hatimaye walipokelewa na Uingereza, ambayo wakati huu haikuwa na njia ya kukwepa. Ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba. Halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasiende mji huo, wengi walikwenda. Kanada ilifungua ofisi Kampala mwezi huo huo ikachukua maelfu. Waliokwenda India walipanda treni hadi Mombasa wakangojee meli. Treni hiyo ilipita Jinja na Tororo, kwa hiyo wapo waliouona mji wao mara ya mwisho kupitia dirisha la behewa. Kila familia iliruhusiwa kutoka na fedha kidogo tu, kiasi cha pauni 50.

Haki inataka niseme pia kwamba chuki dhidi ya wafanyabiashara hao haikubuniwa na Amin peke yake. Wakulima wa pamba wa Busoga na wa kahawa wa Bugisu walikuwa na malalamiko ya miaka mingi juu ya bei na mizani, na serikali ya ukoloni ilikuwa imepanga biashara kwa rangi za watu. Lakini malalamiko juu ya mizani hayatatuliwi kwa kuchana cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na kalamu iliyojifunza kufuta uraia wa Mhindi haikukaa kimya baadaye. Utawala ule uliwaua na kuwakimbiza Waganda weusi wengi zaidi, wakiwemo watu wa Jinja na Mbale waliovuka Malaba na Busia usiku bila hati yoyote.

Sheria za baadaye zilijaribu kurudisha baadhi ya yaliyovunjwa. Sheria ya 1982 iliweka utaratibu wa kurudisha mali zilizotwaliwa, na katika miaka ya 1990 familia kadhaa zilirudi Jinja na Mbale kudai majengo yao. Marekebisho ya Katiba ya 2005, na sheria ya 2009, yaliruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo leo Mganda wa Leicester anaweza kushika vitabu viwili bila kuukana hata mmoja. Mwaka 2015 ikaundwa mamlaka ya kitaifa ya vitambulisho na usajili. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa pekee, ndiyo maana mchuuzi wa Mbale huenda Bungoma na kurudi bila kuigusa pasipoti. Ukienda mbali zaidi, kitabu ni lazima.

Kitabu cha sasa ni pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo Uganda ilianza kuitoa mwaka 2019. Ya raia wa kawaida ina rangi ya samawati. Ndani yake mna chipu yenye picha na maelezo ya mwenyewe, na chini ya ukurasa wa picha kuna mistari 2 yenye herufi na alama 44 kila mmoja, inayosomwa na mashine. Unaweza kuona basi kwa nini maji kidogo huleta matatizo makubwa. Doa juu ya mistari hiyo, au chipu iliyokunjwa, humfanya msafiri halali aonekane kama mtu aliyeghushi. Shirika la ndege lina sababu yake ya kuogopa, maana nchi nyingi hulitoza faini kwa kumleta abiria mwenye hati isiyokubalika. Mara nyingi atakayekuzuia ni karani wa kaunta ya ndege Entebbe, kabla hujafika kwa afisa yeyote wa nchi uendako.

Kwa hiyo ukiikuta pasipoti yako katika hali ile niliyoianza nayo, usiipige pasi, usiibandike gundi, wala usijaribu kuukoleza wino uliofifia. Ukifanya hivyo umeihamisha kutoka kauli ya kutendeka hadi kauli ya kutendwa, na mtendaji ni wewe. Ianike kivulini ikauke, iweke kama ilivyo, na uipeleke yenyewe ofisini pamoja na kitambulisho chako cha taifa, ukiwa umejaza maombi kwenye tovuti ya serikali na kulipa ada kupitia njia zilizotajwa hapo. Andika maelezo mafupi ya kweli: lini, wapi, kwa namna gani. Pasipoti iliyopotea au kuibwa hufuata njia nyingine, na hiyo huanzia kituo cha polisi. Usiseme imepotea ili kuficha aibu ya kuilowesha. Mawakala wanaosimama nje ya lango wakiahidi kuharakisha mambo, wapite kwa salamu ya heshima.

Anza mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Kitabu kipya huja na nambari mpya. Kwa hiyo viza iliyobandikwa katika kitabu cha zamani, tiketi, na barua ya chuo vilivyotaja nambari ile vyote vitahitaji kutazamwa upya, na ubalozi ndio wa kuulizwa kwanza. Nchi nyingi pia hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 zaidi. Na kabla hujaondoka nyumbani toa nakala ya ukurasa wa picha, ya kitambulisho, na ya cheti chako cha kuzaliwa, umwachie mama au shangazi nyumba nyingine, mbali na lile paa linalovuja.